Bawa Juu ya Buti

Jumatatu, 4 Machi
Nimeanza bawa la gari la Dada! Bati la alumini, mbavu za plaiwudi ndani, misumari ya ribiti pembeni. Dada halali vizuri tangu gari lizunguke naye kwenye kona ya mwisho, mashindano yaliyopita. Anasema akifika kasi ya mia na thelathini mkia unaelea. Basi nitaukalisha chini. Baba kapita gereji, kauliza kama gari linataka kupaa. Nikamweleza: hili ni bawa la ndege lililopinduliwa, upepo unakandamiza badala ya kuinua. Akasema kanyoosha bodi miaka arobaini, hajaona gari lililobeba kaunta ya duka. Kaunta! Acha acheke.

Jumatano, 6 Machi
Nimebandika vipande vya uzi wa kufumia kwenye buti na bawa, juu na chini. Dada kaendesha, mimi nyuma yake kwa pikipiki ya shemeji, roho mkononi. Nyuzi za buti zilirukaruka ovyo — za bawa zimelala kimya, zote! Hewa inapita safi kule juu. Nimepatia.

Alhamisi, 7 Machi
Nilijisifu mapema. Mkia umetulia kama umegundishwa, lakini Dada anasema usukani sasa mwepesi mno, pua inanyanyuka. Kosa langu. Nimekandamiza nyuma, mbele nikasahau. Sawa, dawa yake naijua: nimekata ulimi wa bati, nimeufunga chini ya bampa ya mbele. Baba kaja, kachukua nyundo yake ya mpira, kanyoosha ukingo nilioacha na mawimbi. Hakucheka.

Jumapili, 10 Machi
Siku yenyewe ya mashindano. Mkaguzi kalishika bawa kwa mikono miwili, kalitikisa. Ng'o, halichezi! Bado hataki kulipitisha — kitu cha kutengeneza nyumbani, asema. Fundi aliyelitengeneza akae kiti cha abiria, mzunguko mmoja wa kasi, yeye atatazama pale kona ya mwisho. Sijafungua mdomo, Baba keshaingia garini.
"Fundi ni mimi."
"Baba, shuka. Kazi ni yangu."
Kanitazama. Kashuka. Kanifunga mkanda mwenyewe, kauvuta mara mbili.
Dada kauliza kama naogopa. Nikamwambia ribiti arobaini na nane, zote nimepiga kwa mkono wangu. Kaguna tu, kawasha.
Naandikia gotini. Bendera imeinuliwa. Dada anasema niweke daftari chini, nishike mlango — kwenye kona ile, leo, hapunguzi mwendo —