Kikapu cha Chai Mgongoni

Jolie, usicheke kwanza. Na usimwambie mutu yeyote pale Majengo, zaidi mama mukwe.

Unajua Moïse alinileta huku milimani, ng'ambo ya Gisenyi, tupumzike siku mbili. Tangu harusi hatujafika hata Lac Vert, ziwa la hapo karibu na nyumbani. Asubuhi baridi ilikuwa kali, yeye akabaki kitandani, mimi nikatoka kuangalia mashamba ya chai.

Nilisimama tu pembeni ya wamama wanaochuma. Kapita wao, yule anayesimamia kazi, akaniona. Akasema, «Mama, umechelewa.» Akanivalisha kikapu mgongoni.

Nilitaka kumwambia mimi ni mugeni. Lakini unanijua, siwezi kumukatalia mutu. Nikasema, «Unisamehe, papa.»

Nimechuma chai mpaka saa sita, Jolie. Mpaka saa sita.

Halafu Moïse akatokea juu barabarani, anapiga picha na telefone. Nikageuka haraka, nikampa mgongo. Nikamnong'oneza mama wa karibu, «Yule ni bwana yangu.» Akanijibu, «Mwanaume akipita na koti nzuri, wote tunasemaka vile.»

Sasa tuko mezani. Ananionyesha picha: «Angalia huyu mama wa chai. Mgongo wake unafanana na wako.»

Kitenge kwenye picha ni ile alininunulia yeye mwenyewe.

Nikimwambia ukweli, atausimulia kila sikukuu mpaka tuzeeke. Nikasema ndiyo, unafanana kidogo.

Anasema kesho asubuhi twende tumusalimie.

Na kapita alisema kesho nisichelewe tena.