Alama Nyeupe Chini ya Rangi ya Kijani

Alhamisi, Makambako. Upepo na vumbi. Njombe nimeacha ukungu.

Nakuomba wewe uliyefika kwenye ukurasa huu wa mtandao, hata kama hunijui, utakayosoma hapa yabaki kwako. Usimpelekee mwenzako, usiyasimulie kwenye basi. Angalau mpaka kesho saa nne asubuhi ipite. Sijaweka jina langu, lakini kiwandani kwetu makarani tuko wawili tu, na mwenzangu hajui kompyuta.

Nimekuja huku kuchukua bolti. Meneja amenituma mimi kwa sababu fundi wetu amesimamishwa kazi, na kwa sababu nilisoma fizikia mpaka kidato cha sita. Bolti ziko kwenye kiroba miguuni kwangu. Kesho saa nne kikao cha kumfukuza fundi kinaanza, na mimi ndiye nitakayeandika kumbukumbu.

Nieleze taratibu, maana nikienda haraka nitajificha ndani ya maneno.

Kiwanda chetu, kule Njombe, ni cha chai. Majani mabichi yakifika kutoka shambani hutandazwa juu ya wavu mrefu, na feni kubwa hupuliza hewa chini yake mpaka yanyauke. Feni zikizunguka hutetemeka, na mtetemo wa mchana kutwa hulegeza nati bila mkono wa mtu kuigusa. Aliyezitunza feni hizo tangu mimi sijazaliwa ni Fundi Mligo.

"Nyie wasomi mnadhani bolti inashika kwa sababu imekazwa," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Inashika kwa sababu imevutika, mwanangu. Kama mpira wa manati. Usipouvuta, ni uzi tu."

Nilicheka. Shuleni tulijaza kurasa tatu kulieleza jambo hilo hilo. Bolti iliyovutika hubana vyuma viwili, na msuguano wa mbano huo ndio unaoizuia nati isizunguke. Mtetemo wa kwenda kando ukiushinda msuguano, nati hurudi nyuma kidogo sana. Kisha kidogo tena.

Fundi alikuwa na desturi yake. Akishakaza nati, huchukua brashi nyembamba na kuchora mstari mweupe kutoka kwenye ncha ya bolti, kupita juu ya nati, mpaka kwenye chuma cha kitako cha feni. Kila asubuhi huzunguka na tochi. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Halafu huweka bisibisi ndefu juu ya beringi na mpini wake sikioni. "Namba mbili leo ina mafua," husema, na kweli tukiisimamisha tunakuta uchafu wa majani umeganda kwenye panga moja la feni, upande mmoja umekuwa mzito.

Kiwanda kimo kwenye orodha ya mashirika ya umma yatakayouzwa. Wanunuzi walikuwa waje kukagua, na Meneja alitaka kila kitu king'ae. Fundi alikuwa Ludewa, kwenye msiba wa shemeji yake. Mimi nilitoa rangi stoo na mimi nilisimamia upakaji.

Mpakaji mmoja alisimama mbele ya feni namba mbili, brashi inachuruzika, akaniuliza, "Dada, na hivi vidoa vyeupe?"

Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeelezwa, tena kwa mfano wa manati. Lakini nilimfikiria Meneja akipita, akiona vidoa kwenye chuma cha kijani, akiniita ofisini kwake.

"Paka," nikasema.

Fundi aliporudi alituamkia, "Kamwene," kama kawaida yake, kisha akapitisha kidole juu ya nati za namba mbili zilizopakwa rangi. Hakugomba. "Mmeipamba kama bibi harusi," alisema. "Lakini bibi harusi naye ana mifupa. Sasa nitaionaje?"

Jioni ile aliandika karatasi kwa zile herufi zake kubwa za polepole. Aliomba namba mbili isimamishwe nusu siku akwangue rangi, akaze nati upya na kuchora alama zake. Alisema anaisikia imebadilika sauti. Akanikabidhi mimi nimpelekee Meneja. Fundi Mligo ni mtu wa utaratibu wa zamani, hazimi mashine bila ruhusa.

Wageni walikuwa wanafika kesho yake, na Meneja alikuwa amemfokea dereva mpaka yule mtu mzima akatokwa na machozi. Niliiweka karatasi kwenye droo yangu, chini ya karatasi za kaboni. Nilijiambia nitaipeleka moyo wa Meneja ukipoa. Wageni wakaja, wakaisifia rangi, wakaondoka. Fundi akaniuliza. Nikamjibu, "Bado anaisoma, baba."

Siku ya nne tangu anikabidhi karatasi, namba mbili iling'oka.

Nati mbili zilikutwa sakafuni, mbali na feni. Bolti zilizobaki zilikatika kwa kubeba mzigo usio wao. Feni ilianguka na kupasua sanduku lake, na vipande vya panga viliingia ukutani. Akina mama wanaotandaza majani walikuwa wamekwenda kunywa uji. Sithubutu kufikiri zaidi ya hapo.

Wanunuzi wamesikia, na Meneja anahitaji mtu wa kumbebesha lawama. Barua ya kumsimamisha Fundi niliichapa mimi. Iliandikwa kwamba "hakutoa taarifa yoyote ya hitilafu." Niliichapa bila kosa hata moja.

Jumatatu Fundi alikuja dirishani kwangu. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Mwanangu, ile karatasi yangu uliipeleka?"

"Niliipeleka, baba."

Akatikisa kichwa. "Basi imepotelea kwake. Usiende ukagombana naye kwa ajili yangu. Wewe bado una safari ndefu."



Leo Bwana Salum, muuza vipuri, alinicheka nilipoingia dukani. "Wamemtuma bibi? Mligo amezeeka miguu?" Akanihesabia bolti huku akisimulia. "Yule mzee hununua bolti kama mtu anayechumbia. Anaigeuza, anasoma namba iliyochongwa kichwani pake, anaipeleka kwenye mwanga, mpaka wateja wangu wengine wanaondoka. Mwambie hizi ndizo zake, zenye namba ya uimara. Zisizo na namba nawauzia watengeneza vitanda."

"Nitamwambia," nikasema.

Nimetoka dukani nikasimama barabarani kama mjinga. Mwanamume yule anauza bolti kwa uaminifu kwa sababu tu anajua jicho la nani litazikagua. Na jicho hilo nimelifunika mimi, kwa debe la rangi na droo.

Karatasi ninayo kwenye mkoba. Asubuhi niliitoa drooni nikikusudia kuichana njiani. Nimefika nayo nzima. Hapa kwenye duka la intaneti ninapoandikia wanatoa nakala, nimetoa tatu. Moja ya Meneja, moja ya katibu wa tawi la wafanyakazi, moja ya Fundi. Kesho kabla kikao hakijafunguliwa nitaziweka mezani na nitasema nani aliyeikalia. Naogopa mpaka vidole vinakosea herufi. Lakini Fundi Mligo hatatoka getini kwa uongo nilioupiga chapa.

Kwa nini sikuogopa hivi siku ile mbele ya mpakaji?

Baada ya kesho sitakuwa karani tena, hivyo ukinihitaji usipige simu ya ofisi. Usiandike kwa sanduku la posta la kiwanda, barua itafunguliwa. Ukifika Njombe panda gari la Uwemba, shuka misheni, ipite shule mpaka uone nyumba yenye ua wa mianzi, ni ya shangazi yangu. Usiulize karani wa kiwanda, hapo hawanijui hivyo. Uliza yule binti aliyemponza Fundi Mligo. Nitatoka mwenyewe.