Namba ya Kwanza Yatosha

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Vitabu vya afya vimefika kutoka Bukoba. Sita! Darasa zima la tatu, vitabu sita. Mwalimu Mkuu Karugendo anasema Bwana Mkaguzi anakuja Ijumaa, na safari hii hataki watoto wa kuimba masomo kama kasuku. Anataka mtoto atajiwe neno, alitafute kwenye orodha nyuma ya kitabu, aone namba, aende ukurasa huo, aweke kidole kwenye picha na asome maelezo chini yake. Na atakuwa na saa mkononi.

Hawa hawajui hata kwamba ukurasa una namba! Leo wamefungua popote tu, kama wanaomenya ndizi. Lakini nikifaulu napendekezwa shule ya mjini. Nimeoza hapa Kimwani. Imetosha.

Jumanne, 7 Septemba

Nimebuni mchezo. Wanakuja sita sita kwa zamu, natamka neno — mbio! Wa kwanza anakaa, wa mwisho anakula fimbo. Maneno mengine yana namba mbili. Nimewaambia: namba ya kwanza yatosha, ndiko iliko picha, nyingine achaneni nayo. Karugendo amechungulia dirishani, eti haraka haraka haina baraka. Aende akamwambie Mkaguzi!

Penina ndiye mkia kila mara. Si mjinga, na ndilo linaloniudhi. Anafungua namba ya kwanza, anasoma, halafu anafungua ya pili, anasoma tena, midomo ikicheza. Nimemchapa. Wenzake wanamwita konokono. Nami nilicheka.

Jumatano, 8 Septemba

Loo! Mambo ya leo!

Nilitaja "ukoma". Bartholomayo wa kwanza, kama kawaida: ukurasa wa kumi na nne, picha ya mkono wenye baka jeupe. Penina wa mwisho. Nikamwambia anyooshe mkono. Mkono wa gauni ukapanda — baka! Jeupejeupe, la mviringo, karibu na kiwiko. Bartholomayo akatazama picha, akatazama mkono, akapiga kelele, hata heshima ya Kihaya hakuisahau: "Waitu mwalimu, ndio huu! Ndio huu huu!"

Wakatoka mbio, wengine kupitia dirishani. Penina alibaki ameunyoosha ule mkono, akisubiri fimbo yake. Mimi fimbo niliitupa. Nikamwambia atoke, asiguse kitabu, asiguse mlango. Nimenawa kwa majivu hadi ngozi inawaka.

Alhamisi, 9 Septemba

Amekuja tena! Amekaa nje, mbali, kwenye migomba, akisikiliza somo. Walianza kumrushia maganda, baadaye mawe. Niliwaona. Nilikuwa na kazi.

Mbio za leo safi kabisa. Hakuna wa kutuchelewesha.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimefaulu! Mkaguzi alitaja kuhara, alitaja mbu, alitaja upele — vidole kwenye picha kabla hajamaliza kutamka! Kisha Bartholomayo, bila kuulizwa, akamsimulia jinsi kitabu kilivyomfichua mkoma darasani. Mkaguzi akaniuliza ni daktari gani aliyempima. Nikasema taarifa imeshapelekwa. Taarifa gani? Sijui, ilinitoka tu. Akaridhika. Akaandika jina langu, Rugaibula, akaniuliza na herufi zake. Januari niko Bukoba!

Karugendo hakunipongeza. Alisema tu kwamba baba mdogo wa Penina anampeleka Bumbire Jumatatu. Kibanda cha peke yake huko kisiwani, chakula kitaachwa juu ya jiwe. Ana miaka tisa, akasema. Kwani mimi ndiye niliyempa baka?

Jumamosi, 11 Septemba

Nilikuwa napanga vitabu tu. Sijui kwa nini nilifungua ile orodha. Ukoma: 14, 61.

Ukurasa wa 61 hauna picha. Unasema si kila baka ni ukoma. Baka la ukoma halihisi, hata ukiligusa kwa unyoya. Baka la mviringo linalowasha ni choa, linapona kwa dawa ya kupaka.

Penina alikuwa akijikuna tangu Jumatatu. Nilimkaripia kwa kujikuna!

Nikisema, Karugendo atauliza ni nani aliyewafundisha kuruka namba ya pili. Mkaguzi atalifuta jina langu. Hapana. Maji yakimwagika hayazoleki. Na Bumbire watu wanaishi, wanavua, wanakula samaki kila siku. Si kaburi.

Jumapili, 12 Septemba

Sikuenda kanisani.

Jumatatu, 13 Septemba

Kokubanza, bibi yake Penina, amekuja hapa nyumbani na mtoto. Mtumbwi unaondoka jioni hii. Hajui kusoma, Kiswahili hajui. Akapiga magoti, akaniambia kwa Kihaya: waitu mwalimu, mjukuu wangu anasema neno hilo lina mahali pawili kitabuni, nami nimeambiwa ya mahali pamoja tu. Nisomee na pale pengine kabla hawajamchukua.

Nikachukua kitabu. Nikafungua. Nikamsomea kwa Kihaya, polepole, kwa sauti ya upole — ule wa kumi na nne. Vidole vinavyokatika, pua inayoliwa, mgonjwa atengwe. Vyote. Mama mzee akafuta machozi, akanishukuru. Akanishukuru!

Penina alikuwa amesimama mlangoni, bila kugusa mlango. Macho yake yalikuwa kwenye pembe ya chini ya ukurasa. Akasema kwa Kiswahili, taratibu:

"Mwalimu, huo ni wa kumi na nne."

Nikawaambia wasubiri uani, natafuta miwani. Miwani ipo usoni. Nimekaa ndani, naandika huu upuuzi, kitabu kiko hapa mezani. Nawasikia. Bibi anamuuliza: umemwambia nini mwalimu?

Mtoto anatazama mlango wangu. Bado hajamjibu.