Mume Wangu Hataki Mashine Izimwe

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijachomoa waya na ndoa ikakatika nao.

Mume wangu ni mpiga picha, na picha zote, za kazini na za nyumbani, alizihifadhi kwenye mashine moja iliyoko chumbani kwetu, ina diski kubwa nne za kubeba picha zenyewe, na diski moja ndogo ya kasi ambayo kazi yake ni kukumbuka majina, tarehe na kila picha imelala wapi, maana alisema hivyo zinafunguka upesi, na zile kubwa akaziweka mbili mbili ili moja ikifa pacha wake abaki, lakini ile ndogo akaiweka peke yake, basi shangazi, ndiyo iliyokufa. Mafundi wawili wamesema neno moja, picha zipo ila hakuna ajuaye ipi inaanzia wapi na inaishia wapi. Humo ndimo alimo marehemu mtoto wetu, hata ile video anafunga kamba za viatu huku anajisemesha, na kwenye simu tulishafuta zote ili tupate nafasi. Sasa mashine inavuma kutwa kucha, nikigusia kuizima ananijibu, "Utakuwa umemzika mara ya pili," na mimi ule mvumo unanimaliza, hatuongei, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Nizime, au nimwache?

Mama aliyechoka

Marahaba, mwanangu. Poleni sana. Barua yako niliisoma, nikaiweka kando, nikairudia.

Mumeo nitamgombeza kwanza. Mdharau mwiba mguu huota tende: kubwa kazipa pacha, ndogo yenye kumbukumbu yote kaiacha bila mwenzake. Ila ameshaadhibiwa, usimwongezee. Nawe acha kuutolea macho huo waya. Izimeni pamoja, kwa utaratibu. Diski inayozunguka bure inachakaa, kwa hiyo kuizima ndiko kuzilinda picha za mtoto, na umwambie hivyo hivyo.

Kisha tafuteni fundi wa kuokoa data. Atazinakili diski kwanza, halafu atazitafuta picha kwa alama ambayo kila picha huanza nayo, hata kama majina hayapo. Sikudanganyi: nyingi zitatoka vipande, na ile video huenda isitoke kabisa. Zitakazopona hazitakuwa na jina wala tarehe, harusi za watu zimechanganyikana na mwanenu.

Hapo ndipo mtakapohitajiana. Diski ndogo imekwenda, na waliobaki wanaojua siku ile ilikuwa siku gani na alikuwa anacheka nini ni watu wawili, nao hawaongei. Umenieleza habari za diski zote tano, mama, lakini jina la mtoto hukuliandika. Leo mumeo akiingia, kabla ya neno lolote la mashine, mtaje.