Mwanangu Hana Tatizo Lolote

Dubbo, 3 Machi 2011

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limepoa. Mimi nipo, sina cha kulalamika.

Hapo nimeshadanganya, maana ninacho. Daktari Ratnayake anasema huu ugonjwa wa sonona hautaniachia upesi. Tumejaribu vidonge vya aina tatu, na huu ni mwaka wa pili sijashika mashine ya kukata manyoya ya kondoo. Anataka niombe pensheni ya serikali, ile ya wasioweza kufanya kazi. Lazima nifikishe alama ishirini kwenye jedwali lao la ugonjwa, na wanataka barua ya mtu aliyeniona nilipokuwa hoi. Huyo ni wewe tu. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa kwako. Andika ulichokiona, uwatumie moja kwa moja. Usaili ni tarehe 14 Aprili.

Wakinikatalia, nitaondolewa hapa kwenye karavani, hiki kijumba cha magurudumu ninachopanga, na bandani kwa kondoo siwezi kurudi. Sijui nitafanya nini, Mama. Hilo ndilo linalomtia daktari wasiwasi.

Mwanao,
Garth

Nyngan, 10 Machi

Garth mwanangu,

Salamu nyingi. Goti linauma lakini linatembea, na mvua imetusahau kabisa. Unakula? Usiniambie mkate na chai.

Barua nimeandika mara tatu mpaka mwandiko ukanyooka, nikaipeleka posta mwenyewe. Sijakuangusha. Doreen wa posta akauliza ni ya nini, nikamwambia mambo ya kodi. Watu wa hapa wana midomo.

Siku ya usaili nyoa ndevu, vaa lile shati la bluu, uwaangalie machoni. Wasije wakakuona kama wale wanaokaa wakisubiri kulishwa. Sisi hatujawahi kulia mbele ya karani.

Mama yako

Dubbo, 6 Mei

Mama,

Naomba uwe mzima. Wamenikatalia. Nimepata alama tano.

Niliomba kuona faili, nikakuta barua yako iko juu kabisa. “Mwanangu Garth hana tatizo lolote. Ni mchapakazi, amekata manyoya ya kondoo mia na sabini kwa siku moja, na hajawahi kukosa kazi hata akiwa na homa. Mkimpa nafasi hatawaangusha.” Mama! Umeniandikia barua ya kuombea kazi! Mimi nahangaika waamini kwamba kuamka tu kunanishinda, wewe unawahesabia kondoo!

Miezi minne nilikuwa kwenye kile chumba. Ulinilisha kwa kijiko. Hukuona?

Na mimi nilikuwa mjinga vilevile. Nilinyoa, nikavaa shati la bluu. Yule binti wa usaili akauliza, “Unaendeleaje, Garth?” Nikamjibu, “Si mbaya, wewe je?” Akauliza usingizi. “Aa, unakuja.” Akauliza chakula. “Silali njaa, dada.” Tena nikamtania kuhusu viatu vyake, akacheka, akaandika kwamba ninachangamana vizuri na watu. Nilipofika kwenye karavani sikuvua hata viatu kwa siku mbili, lakini hilo hakuliona.

Nina wiki kumi na tatu za kuomba waangalie upya. Tafadhali usiandike tena.

Garth

Nyngan, 24 Mei

Garth mwanangu,

Hujambo? Nimekupigia kila siku, simu haipokelewi. Nimempigia daktari wako, akasema haruhusiwi kunieleza chochote, ila kwamba uko hai. Amesema hivyohivyo, “yuko hai.”

Nijibu hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka.

Mama yako

Nyngan, 20 Juni

Garth mwanangu,

Leo sikuulizi hali, naijua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine ya kuwatumia wale wa pensheni. Sijaifunga. Isome wewe kwanza, na usipoipenda ichane.

Nimewaandikia kwamba mwezi wa Julai mwaka jana ulikaa siku kumi na tisa bila kutoka kitandani isipokuwa kwenda chooni. Kwamba nilikuosha nywele kwa beseni, mtu wa miaka arobaini na moja, na hukuuliza hata kwa nini. Kwamba mbwa wako alilia mlangoni wiki nzima ukawa kama humsikii. Kwamba bunduki niliipeleka kwa Colin jirani, nikamdanganya kwamba mbweha wa kupiga risasi wamekwisha, na tangu siku hiyo nikawa nalala kwenye zulia nje ya mlango wako.

Niliona, mwanangu. Niliona yote. Kuyaandika ndiko kulikonishinda, niliona kama nakuvua nguo mbele za watu.

Kuna na jingine, limo humohumo kwenye barua yao. Mgongo wa baba yako haukuwa na kitu. Miaka kumi na moja niliwaambia watu ni mgongo, na wewe nikakuambia hivyo, ukawa unambebea mto kila akikaa. Ulikuwa ugonjwa huuhuu. Alikufa bila mtu kumtibu kwa sababu mimi nilikuwa nikiwahi kuwajibu watu kabla hawajamuuliza yeye. Nisamehe.

Mama yako

Dubbo, 2 Agosti

Mama mpendwa,

Nilikaa na barua yako siku sita. Kwanza nilikukasirikia upya, kisha nikalia, na sikuwa nimelia tangu tumzike Baba. Siku ya saba nikaituma.

Jana mkaguzi anayeangalia upya maombi yangu alipiga simu, mzee mmoja mwenye sauti ya taratibu. Akaanza, “Unaendeleaje?” Mdomo ukataka kujibu kama ulivyozoea. Nikaubana. Nikasema, “Vibaya, mzee. Leo nimeamka saa nane mchana, na ni kwa sababu ya simu yako.” Tukaongea karibu saa nzima, sikufanya mzaha hata mmoja.

Mwishowe akaniambia wamenipa alama ishirini, Mama. Pensheni nimepata.

Kabla hajakata, akasema barua yako ameisoma mara mbili. Akauliza, “Na mama yako, miaka hiyo yote na baba yako, halafu na wewe, nani alikuwa akimwangalia yeye?” Nikamjibu, “Hakuna, mzee.”

Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Tutakaa, unisimulie habari za Baba tangu mwanzo. Halafu unisimulie zako.

Mwanao,
Garth