Sweta na Kibuyu

Kabula mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Songwa mvua imenyesha, mtama umeota, na babu yako goti limepata nafuu, sasa anagombana na mbuzi wa jirani.

Umeniuliza kama masomo ya wajawazito hapo kliniki Geita yana faida, au yanakuchelewesha dukani bure. Nikusimulie mimba ya baba yako.

Enzi zetu uchungu ukianza tu, wazee wanakuhimiza usukume. Siku moja kliniki, nesi akachukua kibuyu cha maziwa, akakipitisha kwenye shingo ya sweta, polepole, mpaka kikatokeza chote.

"Kibuyu ni mtoto, na hii shingo ndiyo mlango wa uzazi," akasema. "Kabla haujafunguka wote, usisukume. Utachoka bure. Tembea, pumua."

Tulicheka sana.

Uchungu uliponishika, mama mkwe akasema, "Sukuma, ng'wanawane, sukuma mwanangu!"

Nikamjibu, "Mama, sweta bado."

Akadhani nimechanganyikiwa. Mimi nikazunguka uani, napumua, mpaka gari likaja kutupeleka hospitali Kolandoto. Nilifika nguvu zangu ninazo, na baba yako akazaliwa analia kwa sauti ya fahali.

Wifi yangu alipopata mimba, mama mkwe mwenyewe ndiye aliyempeleka kliniki, kibuyu kizuri cha nyumbani kwapani.

"Nesi," akasema, "lile somo la sweta lirudie. Safari hii nakaa mbele."

Nenda, mjukuu wangu. Na mama mkwe wako mwende naye.

Bibi yako wa Songwa