Akina Mama Waliobeba Maji

Mutheu mjukuu wangu,

Sisi huku Mutomo ni wazima. Babu yako amepona kikohozi, na mbuzi wetu mwekundu amezaa mapacha.

Umeniuliza kama umekosea kuandika, katika barua ya kuomba kazi, kwamba una diploma, "not to mention" baiskeli. Ngoja nikuambie.

Miaka ya sitini, nikiwa msichana, shule yetu ilijengewa darasa la mawe. Siku ya kulifungua kulikuwa na wageni, kwa hivyo Mwalimu Musyoka alitoa shukrani kwa Kiingereza. Akawashukuru mafundi, akawashukuru wazee, "not to mention" akina mama waliobeba maji kutoka mtoni. Mkalimani akageuza kwa Kikamba: "Na akina mama sitawataja."

Mama yangu akainuka, akaanza kuondoka. Wenzake wakamfuata. Mwalimu akawakimbilia.

"Mama, nimewataja! Kiingereza husema hivyo kikifikia jambo kubwa kuliko yote yaliyotangulia."

"Basi ututaje kwa Kikamba," mama akajibu.

Mwalimu akarudi mbele, akawaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na watu wakawapigia makofi.

Kwa hivyo, mjukuu wangu, baiskeli itangulie, diploma ndiyo ifuate.

Jioni hiyo mama alipika akiimba. Baba akamuuliza kuna nini.

"Nimetajwa," akasema, akaendelea kukoroga sufuria.

Mungu akulinde huko uliko.

Susu yako